Kijana wako anaumwa akili na hujui uanzie mlango gani: hatua kwa hatua kwenye huduma za umma

Kila wiki naulizwa yaleyale. Mdogo wangu haongei na mtu wiki ya tatu sasa nimpeleke wapi, mwanangu shule wamemrudisha nyumbani wanasema mpaka apone, binti yetu ametimiza 18 na kliniki aliyoizoea wamemwambia asirudi tena pale. Nimekuwa najibu mmoja mmoja kwa muda mrefu mpaka nimeona bora niandike mara moja, ukikwama unarudi unasoma kipande unachokihitaji.

Mimi si daktari. Nimetembea na mdogo wangu wa kiume tangu ana miaka 16 alipoanza kusikia sauti, leo ana 25, na katikati hapo tumepita kwa daktari wa kawaida, wodi ya akili mara tatu, ustawi wa jamii, ofisi ya mwalimu mkuu, na usiku mmoja kituo cha polisi. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia mwanzoni ni kwamba hizi ofisi haziongei zenyewe kwa zenyewe. Hospitali haijui shule imesema nini, shule haijui dawa zimebadilishwa, ustawi hawana habari kwamba alilazwa. Anayebeba habari kutoka dirisha hili kwenda lile ni wewe, na ukiibeba kichwani tu nusu yake itamwagika njiani. Ndo maana utaona sehemu kubwa ya mwongozo huu ni makaratasi, majina na tarehe.

Nazungumzia hali nzito. Kijana anasikia sauti au anaamini anafuatiliwa, halali siku tatu nne na anaongea bila kupumzika, haamki kitandani wiki nzima, anajikata, amejaribu kujiua, au amebadilika kiasi kwamba shule na urafiki vyote vimekatika. Kama ni huzuni ya mtihani au ya kuachwa na mpenzi na bado anakula, analala na anaenda shule, huhitaji hatua zote hizi, mtafutie mtu mzima wa kuongea naye na uendelee kumwangalia.

Kama hatari ni leo usiku

Acha kusoma, nenda hospitali yoyote yenye idara ya dharura. Usisubiri siku ya kliniki. Dharura ni hizi: amesema atajiua na ana njia mkononi, amemeza kitu, anataka kumdhuru mtu, hali wala hanywi kabisa, au amechanganyikiwa ghafla huku ana homa, shingo ngumu au degedege. Hili la mwisho mara nyingi ni ugonjwa wa mwili unaoonekana kama wa akili na linaua haraka, kwa hiyo hapo anahitaji hospitali ya kawaida kwanza.

Akimeza vidonge vingi mpeleke hata kama anaonekana mzima. Parasetamoli ndiyo inayodanganya watu zaidi, siku ya kwanza mtu anaweza kutembea na kuongea vizuri, ini linaanza kuonyesha limeharibika siku ya pili au ya tatu. Dawa ya kulinda ini ipo na inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya masaa 8. Chukua na boksi au chupa ya alichokunywa.

Na muulize wazi: "unafikiria kujiua?" Watu wanaogopa kwamba ukiuliza utampa wazo. Hapana, swali halimpandikizii wazo, linampa nafasi ya kusema kitu alichokuwa anakibeba peke yake. Akisema ndiyo usimwache peke yake, na ondoa dawa, sumu za wadudu, kamba na visu vyote, usivifiche tu kabatini.

Andaa hivi kabla hujatoka nyumbani

- Daftari moja gumu, na liwe la kazi hii tu. Simu inaibiwa, inazima, na namba za watu zinapotea nayo.
- Faili la plastiki la makaratasi: cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, kadi ya bima kama ipo, barua zozote za shule, kadi za kliniki, majibu ya vipimo vya zamani. Toa kopi mbili za kila kitu. Ofisi unaipa kopi, karatasi halisi unarudi nayo nyumbani.
- Orodha ya kila anachotumia, za hospitali, za mitishamba, bangi, pombe, vidonge vya kuongeza nguvu. Usimfichie daktari bangi kwa aibu, utamfanya aandike dawa kwa kubahatisha.
- Mtu wa pili wa kwenda naye. Mmoja anakaa na kijana kwenye benchi, mwingine anasimama foleni. Ukienda peke yako utajikuta unachagua kati ya foleni na kijana anayetoka getini.

Hatua zenyewe

1. Andika historia ya ukurasa mmoja

Hii ndiyo kazi yenye faida kuliko zote na ndiyo watu wanairuka. Daktari wa hospitali ya umma ana dakika chache na watu wengi nje, ukianza kusimulia tangu utotoni muda utaisha hujafika kwenye jambo lenyewe. Andika ukurasa mmoja tu: lini mabadiliko yalianza, kipi kilianza na kipi kikafuata, analala masaa mangapi, anakula vipi, amewahi kujidhuru au la, nani kwenye ukoo aliwahi kuumwa hivi, ameshatumia dawa gani na zilimfanyaje.

Usiandike "amechanganyikiwa" au "ana tabia za ajabu". Hayo hayamsaidii mtu. Andika kama hivi: "Tangu wiki ya pili ya mwezi wa tatu analala masaa mawili. Anasema tivii inamtaja jina. Hajaoga siku 9. Amefunika dirisha kwa gazeti. Jumanne alimsukuma mama alipoingia chumbani, hajawahi kufanya hivyo maisha yake yote." Daktari akisoma hivyo anajua aanzie wapi. Na kwa kila ofisi mpya unatoa ukurasa uleule, kijana haulizwi mambo yaleyale mazito mara sita na watu sita tofauti, manake kwa wengine kule kuulizwa tena na tena ndo kunawafanya wagome kurudi.

2. Ongea na kijana mwenyewe

Mwambie mnaenda wapi na kwa nini. Usimdanganye kwamba mnaenda kumsalimia shangazi halafu ajikute wodini. Sisi tulimdanganya mara ya kwanza, tukafanikiwa kumfikisha, na ikatuchukua karibu mwaka mzima mpaka akubali tena kupanda gari na mimi. Anza na kile kinachomsumbua yeye, sio kinachokusumbua wewe. Wewe unaona sauti, yeye anaona kwamba halali na kichwa kinamuuma. Basi sema twende tukatafute usingizi. Huo sio uongo, ni kweli anahitaji usingizi.

Hapohapo mkubaliane kipi anaruhusu usimulie na kipi anataka akiseme mwenyewe.

3. Anzia kwa daktari wa kawaida, ukatoke na rufaa ya maandishi

Wengi wanataka kuruka moja kwa moja kwa daktari wa akili. Kama hospitali yenu inaruhusu sawa, ila vipimo vya mwili lazima vifanyike popote mtakapoanzia. Kifafa, matatizo ya tezi ya thairoidi, VVU, kaswende, sukari kushuka, kuumia kichwa, madawa ya kulevya, vyote vinaweza kuleta dalili kama za ugonjwa wa akili. Kuna hata ugonjwa ambapo kinga ya mwili inashambulia ubongo, ulielezwa na madaktari mwaka 2007 tu, unapenda wasichana na vijana, unaanza kama kuchanganyikiwa halafu yanakuja degedege na mwili kujinyonganyonga, na una matibabu yake kabisa. Kwa msichana omba na kipimo cha ujauzito kabla ya dawa yoyote, nitaeleza mbele kwa nini.

Usikubali rufaa ya mdomo. "Nendeni tu mkamwone fulani" sio rufaa. Unataka karatasi yenye jina la kijana, dalili, vipimo vilivyofanyika, jina la aliyeandika, tarehe na muhuri. Bila hiyo, dirisha linalofuata litakurudisha.

Na usikae ukisubiri labda itapita. Kuna utafiti wa Marekani wa watu 404 waliopata saikosisi (ile hali ya kusikia sauti au kuamini mambo ambayo hayapo) kwa mara ya kwanza, wakakuta nusu yao walishakaa zaidi ya wiki 74 bila tiba inayofaa. Huo ni karibu mwaka na nusu, na kadiri muda unavyokwenda ndivyo kurudi kwenye masomo na maisha ya kawaida kunavyokuwa kugumu.

4. Siku ya kwanza ya kliniki ya akili

Fika mapema, toa ule ukurasa, halafu mwache kijana apate dakika zake peke yake na daktari. Ni haki yake na kuna mambo hatayasema ukiwa umekaa pembeni. Watu wanakasirika daktari akikataa kuwaambia kijana kasema nini. Elewa hivi: yeye anaweza kufungwa na siri ya mgonjwa ila wewe hujafungwa kumpa habari. Unachokiona nyumbani mwambie, au mwandikie ukabidhi mapokezi kiingie kwenye faili.

Usitoke kabla hujapata majibu ya haya, na uyaandike palepale mbele yake:

- Unafikiri ni nini, na bado una wasiwasi na nini kingine?
- Dawa hii ni ya nini, ianze kufanya kazi lini, na madhara gani yanirudishe hapa haraka?
- Zaidi ya dawa kuna nini, ushauri nasaha, kikundi, mtu wa kututembelea nyumbani?
- Hali ikibadilika kabla ya tarehe tumpigie nani, na usiku je?

Msishangae kama hampewi jina la ugonjwa siku hiyohiyo. Kwa vijana daktari mwangalifu husubiri aone mwendo wake, na mdogo wangu jina lilibadilika mara mbili.

5. Dawa

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu vijana wengi wanapotea, na wanapotea kwa kukosa kuambiwa mambo machache tu.

Dawa za sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoisha, hazifanyi kazi kesho. Hesabu wiki mbili mpaka nne kuona mwanga na zaidi ya hapo kuona nafuu ya kweli. Na kwa vijana wiki hizo za mwanzo ni za kukaa karibu naye, wengine wanapata msukosuko na mawazo ya kujiua yanaongezeka kabla hayajapungua, Marekani waliamuru onyo hilo liandikwe kwenye dawa hizi mwaka 2004 kwa ajili ya watoto na vijana. Haimaanishi asitumie. Inamaanisha usimpe boksi zima akae nalo chumbani, na ukiona ametibuka ghafla piga simu kliniki siku hiyohiyo.

Dawa za saikosisi, hasa za zamani kama haloperidoli, zinaweza kukaza misuli. Siku ya pili ya dawa mdogo wangu shingo ilipinda, macho yakageukia juu, ulimi ukawa mzito hawezi kuongea. Nyumba nzima tulilia, wengine wakasema ni kiharusi na wengine wakasema mambo mengine. Hospitali walimpa sindano moja na chini ya nusu saa alikuwa amekaa sawa. Kwa vijana wa kiume hii inatokea sana na hakuna aliyetuambia. Sasa wewe umeambiwa: ikitokea kimbia hospitali, taja jina la dawa aliyotumia, na msiitupe dawa kwa hasira, daktari atapunguza dozi, atabadilisha au ataongeza ya kulegeza. Kuongezeka uzito nako ni kwa kweli sio uvivu, mpime uzito siku anaanza na kila mwezi, na uombe sukari ipimwe.

Lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, inahitaji vipimo vya damu mara kwa mara na maji ya kutosha mwilini. Akiharisha, akitapika, au akipewa dawa za maumivu kama ibuprofeni, kiwango kwenye damu kinaweza kupanda mpaka kiwe sumu, utaona anatetemeka sana, anayumba, anaongea kama mlevi. Hapo ni hospitali. Klozapini, dawa nyingine ya saikosisi, nayo ina vipimo vyake vya damu, na mtu aliye kwenye klozapini akipata homa au koo kuuma hamsemi ni mafua tu, anapimwa damu kwanza.

Valproeti (dawa ya kifafa inayotumika pia kutuliza hisia) kwa msichana au mwanamke kijana: inaweza kumharibu mtoto tumboni, ndo maana nilisema kipimo cha ujauzito. Kama binti yako ameandikiwa, uliza kama ipo nyingine, na kama hamna uliza kuhusu uzazi wa mpango bila aibu.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha dawa kwa sababu amepona. Baada ya saikosisi ya kwanza mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni aendelee angalau miezi 12 baada ya dalili kuisha, na kupunguza kunafanywa na daktari, taratibu. Kama madhara yamemshinda kasemeni kliniki wabadilishe. Kijana anayetupa dawa chooni kimyakimya mara nyingi ni kijana aliyelalamika madhara akaambiwa avumilie.

6. Shule

Nenda na barua ya daktari. Sio lazima iseme ugonjwa gani, inatosha kusema yuko kwenye matibabu na anahitaji nini. Omba vitu vinavyoshikika: aingie saa za asubuhi tu kwa wiki za kwanza, muda wa ziada kwenye mtihani, mahali pa kukaa kichwa kikimzidi, ruhusa ya siku za kliniki bila kuandikwa mtoro, na mwalimu mmoja ambaye ndo mnawasiliana naye. Mmoja, sio wote.

Wakikwambia "mpeleke nyumbani mpaka apone" omba uamuzi huo kwa maandishi, wenye tarehe ya kurudi. Nimeona mara nyingi tu kwamba ukiomba maandishi maamuzi yanalainika, manake aliyeyatoa kwa mdomo hayuko tayari kuyawekea sahihi. Wakiandika, unayo karatasi ya kupeleka ofisi ya elimu.

7. Ustawi wa jamii

Watu wanafikiri ustawi ni kwa watoto wa mtaani au ndoa zilizovunjika. Nenda mapema kabla hujaishiwa. Wao ndo mara nyingi wanajua njia za msamaha wa gharama, msaada wa watu wenye ulemavu kama sheria ya kwenu inatambua ugonjwa wa akili kuwa ulemavu, na wanaweza kuandika barua zinazofungua milango ambayo wewe umegonga mwezi mzima.

Ila omba kitu kimoja zaidi, kikao cha pamoja. Mtu wa hospitali, mwalimu, afisa ustawi, wewe na kijana mwenyewe, meza moja hata nusu saa, hata kwa simu. Na mkitoka hapo liwe limeandikwa jina la mtu MMOJA anayesimamia. Serikali ya Marekani ilianzisha mpango mzima wa kuzikutanisha ofisi hizi mwaka 1984, baada ya kuonekana watoto wenye matatizo makubwa ya akili wanapotea katikati ya idara, kwa hiyo sio kitu cha ajabu unaomba. Kwetu kikao kilichukua dakika 40, na ndo siku mwalimu alipojua kwa mara ya kwanza kwamba kusinzia darasani ni dawa ya usiku. Dozi ikasogezwa mapema kwa masaa mawili, yakaisha.

8. Akishikwa na polisi

Nenda mara moja na barua ya daktari na dawa zake. Sema kwa utulivu kwa mkubwa wa zamu: huyu ni mgonjwa, yuko kwenye matibabu ya kliniki fulani, naomba aonwe na daktari na naomba dozi yake isikatike. Omba iandikwe kwenye kitabu kwamba umesema hivyo. Kama ni chini ya miaka 18 asihojiwe wala kusaini maelezo bila mzazi, mlezi au wakili. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 37, unasema kumfunga mtoto kuwe hatua ya mwisho kabisa na kwa muda mfupi iwezekanavyo, na asichanganywe na watu wazima waliofungwa. Usipayuke, usitukane, na usiondoke bila kujua jina la aliyepokea zile dawa.

9. Kulazwa, na hasa kutoka

Akilazwa uliza ni kwa hiari au kwa sheria, kwa siku ngapi, na nani anaweza kupinga. Mtembelee.

Sasa kutoka. Wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa ni kati ya vipindi vya hatari zaidi kwa kujiua, na familia ndo kwanza zinapumua zikidhani yameisha. Mdogo wangu aliruhusiwa Ijumaa jioni, dirisha la dawa lilishafungwa, tukaambiwa mje Jumatatu. Jumapili usiku alikuwa hajalala tena na Jumatano tulirudi wodini. Kwa hiyo hata wakuharakishe namna gani, usitoke getini bila vitu hivi: dawa MKONONI za kufika tarehe ya kliniki na wiki moja zaidi, karatasi ya kuruhusiwa inayosema alipewa nini, tarehe ya kuonwa ndani ya siku 7, na namba ya kupiga usiku. Wakisema mnaruhusiwa na dirisha limefungwa, omba alale mpaka asubuhi au mpewe dawa za wodini za siku tatu. Omba. Mara nyingi wanatoa, shida ni kwamba hakuna aliyeomba.

10. Kuvuka kwenda huduma za watu wazima

Karibu nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla ya miaka 18, na ni umri huohuo ambapo sehemu nyingi huduma za watoto zinafunga mlango. Huko Uingereza walifuatilia vijana waliofikia umri wa kuvushwa, matokeo yakatoka mwaka 2010, na waliovushwa vizuri kama inavyotakiwa walikuwa chini ya asilimia 5. Baadhi ya nchi zimeliona hili, Australia tangu 2006 wana vituo vinavyopokea miaka 12 mpaka 25 ili kijana asikatwe katikati.

Usisubiri siku ya kuzaliwa. Mwaka mmoja kabla uliza: atahamia kwa nani, lini, na je, daktari wa zamani na mpya wanaweza kumwona pamoja angalau mara moja? Omba kopi ya muhtasari wa matibabu yote. Na mwaka huohuo anza kumwachia kijana kazi yako kidogo kidogo, ajibu maswali mwenyewe, ajue majina ya dawa zake, ashike kadi yake. Kwa sababu akishatimiza umri, kule kwa watu wazima wanaweza wasiongee na wewe kabisa bila ridhaa yake, kwa hiyo mapema, akiwa mzima, muombe asaini fomu ya kukuruhusu upewe taarifa.

Ukikwama

*Anakataa katakata kwenda.* Nenda wewe. Peleka ule ukurasa, eleza, uliza kama wana watu wa kuja nyumbani au wa kuongea naye kwa simu. Mtafute mtu anayemheshimu, kocha, binamu, mwalimu, huyo ndo aseme. Nguvu na sheria vinabaki kwa wakati wa hatari ya kweli tu, na hapo uliza utaratibu wa kwenu kabla hujaita watu wa kumkamata.

*Foleni ni ya miezi.* Kubali tarehe, usiikatae. Halafu rudi kwa daktari wa kawaida aanzishe anachoweza huku akiwasiliana na bingwa, na piga simu kila wiki kuuliza kama kuna aliyeghairi. Hali ikizidi usikae na tarehe yako mkononi, nenda dharura.

*Kliniki ya akili wanasema aache kwanza madawa ya kulevya, kituo cha madawa wanasema atibiwe kwanza akili.* Hili ni la kawaida na linaumiza. Matatizo hayo mawili yanatibiwa pamoja, kwa wakati mmoja. Omba kila upande uandike jibu lake, halafu wewe uyapeleke kwa yule msimamizi mliyemwandika kwenye kikao, ndo kazi yake.

*Ndugu wanataka aache dawa aende kwenye maombi.* Usigombane na imani yao, utabaki peke yako. Sema maombi yaendelee na dawa iendelee. Mstari wangu ni mmoja tu, hafungwi kamba, hapigwi, hanyimwi chakula wala dawa, na anayetaka hivyo hakai naye hata usiku mmoja.

*Dawa zimeisha na kliniki ni wiki ijayo.* Usingoje na usigawe nusu nusu. Nenda na karatasi ya dawa kituo chochote cha afya, eleza kwamba ni dawa isiyokatika, waombe za kuvukia.

*Wewe mwenyewe umechoka, hulali, unalia ofisini.* Mwambie daktari wa kijana, kwa maneno hayohayo. Uliza kama kuna kikundi cha familia. Mpe mtu mwingine daftari kwa wiki mbili, ndo sababu tumeliandika, ili mwingine aweze kushika.

*Hospitali imepoteza faili lake.* Wanakuwa wamepoteza lao. Toa kopi kwenye lako, waambie wafungue jipya palepale dirishani, na uandike jina la aliyelifungua na namba mpya kabla hujaondoka kwenye foleni.